Chumba cha Baraka

9 Mei 1986

Dada yangu mpenzi,

Salamu nyingi kama punje za mahindi ghalani, na safari hii nasema hivyo nikijua wingi wake, maana nalala nazo ukuta kwa ukuta! Mimi mzima, mume wangu mzima, mama mkwe mzima isipokuwa goti lake. Mama hajambo? Shemeji je? Na wale pacha wako bado wanang'ata wageni? Mwambie Mama kwamba lile shuka alilonifungia nimelitandika kitandani na kila anayeingia analisifu, hata wasioingia nawaita waje walione.

Dada, nimeolewa! Najua ulikuwepo, ulicheza mpaka kisigino cha kiatu kikang'oka, lakini mimi kila asubuhi naamka najiambia upya kama mtu aliyeokota hela. Huku mume wangu wanamwita Baba Unga kwa sababu unga hauishi kwenye nyusi zake. Akirudi kutoka mashineni ni mweupe tangu kope mpaka viatu, nami hucheka mpaka nashika mlango. Yeye husema, "Cheka, cheka, hiyo ndiyo pesa yako ya sabuni." Mchana huacha mashine kidogo aje anisalimie kana kwamba ametoka safari ya mbali. Nani alimfundisha hayo? Shemeji hajawahi kukufanyia hivyo, usinidanganye.

Na ni mcha Mungu wa kweli, si wa kujionyesha. Kabla ya kuwasha injini huvua kofia na kuomba kwa sauti, anawataja watu wa nyumbani na wa ibadani, wateja wamesimama na mabeseni yao wanangoja. Juzi mama mmoja akamwambia, "Baba Unga, Mungu keshasikia, watoto wana njaa." Akajibu, "Amina mama, na wewe nimekutaja." Watu wote wakacheka, akawasha.

Nikueleze nyumba. Sebule, chumba cha mama mkwe, na chumba chetu. Nyuma ya chumba chetu kuna chumba kingine cha ndani kisicho na dirisha, kina magunia yaliyobaki ya mwaka jana, na mavuno yakija hujaa mpaka darini, na kati yetu na magunia kuna pazia tu. Ni mahindi ya watu wa ibadani. Wakivuna wanamletea awahifadhie mpaka bei ipande, naye hawatozi kitu. Zamani aliyaweka kule mashineni. Wezi wakatoboa ukuta, wakachukua yake na ya watu, na yeye akalia kwa ajili ya yale ya watu. Tangu hapo anasema, "Amana ya mtu hailali nje ya nyumba yangu." Chumba hicho anakiita chumba cha baraka. Hebu niambie, ni wanaume wangapi wanaolala na amana za watu kichwani na bado wanakoroma kwa amani?

Kuna jambo moja la huzuni. Ulijua ni mgane, lakini hukujua ilikuwaje. Alinisimulia mwenyewe, ameshika vidole vyangu. Alikuwa amekwenda vijijini kununua mahindi. Aliporudi alikuta mlango umefungwa kwa ndani, mkewe na mtoto wao mchanga wako kitandani. Walilala, hawakuamka. Hapakuwa na jeraha wala homa. Mabibi wa hapa walianza kunong'ona uchawi, wakamtaja jirani. Mume wangu akasimama ibadani akakataza. Alisema, kama Mungu ndiye aliyechukua, asitafutwe mwizi. Dada, nililia mpaka nikamlowesha shati. Nimeapa kumpenda mara mbili, fungu langu na la marehemu.

Nafunga barua, kichwa kinanigonga. Asubuhi nyingi kinaniuma, na kichefuchefu kidogo, na tafadhali usiniulize unachotaka kuniuliza, bado ni mapema! Labda ni harufu ya humu chumbani, kama ya kitunguu saumu kilichovunda. Labda ni mapenzi tu.

Mdogo wako mwenye furaha kupita kiasi,
Kasuku

•

30 Mei 1986

Kasuku wangu,

Barua yako imefika, Mama akanifanya niisome mara mbili, mara ya pili polepole. Hatujambo. Pacha wamepunguza kung'ata, sasa wanatema mate. Shemeji yako anakusalimu, anasema na yeye angekuja kunisalimia mchana kama ningekuwa na sura yako. Nimemwambia alale njaa. Dukani tuko na pirikapirika, watu wanatafuta magunia, turubai na dawa kabla ya mavuno, nami tangu asubuhi nimesimama nyuma ya kaunta mpaka miguu imekuwa ya mtu mwingine.

Nimefurahi kwamba unapendwa. Nasema kweli. Mtu anayewaombea wateja wake si wa kuchezea.

Sasa nataka unijibu mambo mawili, mapenzi yaje baadaye. La kwanza, hiyo harufu inatoka wapi hasa? Mumeo anaweka nini kwenye magunia yaliyo nyuma ya pazia lenu? Niandikie kinavyofanana, kinavyowekwa, na kinakuwaje baada ya siku chache. La pili, yule marehemu na mtoto wake walifariki mwezi gani?

Usiniulize kwa nini nauliza. Nikiwa na sababu ya kukueleza nitakueleza. Kwa sasa lala na dirisha wazi, na ukiamka na kichwa, toka nje ukae kivulini kabla ya kunywa chai.

Msalimie shemeji. Mama anasema goti la mkwe likandwe kwa maji ya moto.

Dada yako

•

17 Juni 1986

Dada mwenye maswali,

Shikamoo! Umeniandikia kama askari, nikadhani nimeiba. Huku tu wazima wote. Mama mkwe amekandwa goti na amesema Mama abarikiwe, sasa anatembea mpaka kisimani kusengenya. Mvua imekatika, mahindi mashambani yameanza kukauka, na mume wangu anazunguka vijijini kwa baiskeli akiangalia mavuno, anarudi na nyasi kwenye soksi. Nazitoa moja moja. Usicheke.

Sasa nijibu maswali yako. Nilimwambia dada yangu anauliza habari za dawa ya magunia, akaangua kicheko: "Anataka kunirithi biashara?" Basi, ni vidonge. Viko kwenye kopo, vya rangi ya kijivu, vikubwa kuliko vya binadamu. Anavifunga kwenye vitambaa vidogo, anavipenyeza kati ya magunia, anafunika na turubai, anaomba. Baada ya siku kadhaa ukifungua kitambaa unakuta majivu tu, ndiyo maana anasema havina neno, vimekwisha kuwa vumbi. Anaviweka kila akiona unga wa dumuzi, wale wadudu watoboao mahindi, umeanza kudondoka. Na kwa kuwa mama yake hapendi harufu ile, anaziba chini ya mlango wetu kwa blanketi la zamani isitoke kwenda sebuleni. Unaona anavyomjali mama yake?

Lebo ya kopo ni ya lugha ya kigeni. Nilijaribu kuisoma kwa Kiingereza changu cha kidato cha nne, nikashika neno moja moja. Kuna picha ya fuvu, ndiyo, lakini fuvu liko hata kwenye nguzo za umeme na watu wanaziegemea wakipiga soga.

Marehemu alifariki mwezi wa nane, mavuno yalipokuwa mengi na chumba cha ndani kimejaa. Kwa nini unataka kujua? Unanitisha bure.

Dirisha nililifungua, akaja kulifunga usiku, ananiogopea baridi. Maana, dada, mkunga amethibitisha! Ndiyo! Mume wangu alipiga magoti palepale uani, kuku wakamzunguka wakidhani ameshika chakula. Mwambie Mama, halafu umshike asianguke.

Kasuku, sasa ni kasuku wawili

•

2 Julai 1986

Kasuku,

Mungu akubariki na huyo uliyembeba. Mama amelia, amecheka, amekwenda kuwaambia majirani wote na mmoja ambaye hawasemeshani. Sisi wazima.

Sasa kaa kitako, usome barua hii ukiwa peke yako, na ukimaliza umsomee mumeo leo hiihii, neno kwa neno.

Vidonge hivyo tunavyo dukani. Vikipata unyevu vinatoa hewa, na hiyo hewa ndiyo inayomwua dumuzi. Yale majivu ni mabaki tu, hewa yenyewe inakuwa imekwisha kutoka na kujaa chumba. Haimchagui mdudu ikamwacha mtu. Ikiwa kidogo unaumwa kichwa na kutapika. Ikiwa nyingi, na nyumba imezibwa, mtu analala moja kwa moja. Sisi haturuhusiwi kumuuzia mtu kopo bila kumwambia: usiweke kwenye nyumba inayolaliwa. Aliyemuuzia mumeo hakumwambia, au alimwambia huku injini inanguruma, sijui.

Mliyonayo sasa ni mabaki ya mahindi ya mwaka jana na vidonge vichache, na pazia lenu halifungi vizuri, ndiyo maana ninaandika barua kwa mtu aliye hai. Mavuno yanakuja. Chumba kitajaa, ataweka vingi, ataziba.

Toka kwenye chumba hicho leo. Lala kwa mama mkwe. Magunia yatoke yote.

Najua kuna jambo lingine limekuja kichwani mwako ukisoma hapa. Na kwangu limekuja tangu barua yako ya kwanza. Siliandiki. Wewe msomee tu mumeo.

Dada yako

•

11 Agosti 1986

Dada yangu,

Nisamehe kwa kukawia. Salamu kwa Mama, kwa shemeji, kwa pacha. Huku wote tu wazima, na safari hii neno hilo nimelipima kabla ya kuliandika. Tumbo limeanza kuonekana ukilitafuta. Wifi yangu, mdogo wake mume wangu, yule mcheshi aliyekutania kwenye harusi kwamba unacheza kama unafukuza nyuki, amejifungua mtoto wa kike. Mumewe ni dereva wa lori, yuko safarini, kwa hiyo wifi yuko peke yake katika ile nyumba yao ng'ambo ya kijito na mimi huenda kumfulia. Mtoto ana nywele nyingi kama kofia. Mjomba wake, yaani mume wangu, akimshika anasahau hata unga, anampaka mashavu yote.

Barua yako niliisoma chooni. Sikumsomea.

Ngoja, usinigombeze kwanza. Nimeelewa kila neno, mimi si mjinga. Lakini nimweleze vipi? Nikimsomea maneno yako nitakuwa nimemwambia nini kuhusu mwezi wa nane? Wewe mwenyewe hukuthubutu kuliandika, ukaniachia mimi nikaliseme, mezani, kwa mtu ambaye hula akiniangalia kama mimi ndiye chakula.

Nilijaribu. Nilisema, "Mume wangu, hivi hiyo dawa haiwezi kumdhuru mtu?" Kijiko kikasimama. Akauliza, "Nani kakwambia?"

"Nauliza tu."

"Ingekuwa inadhuru..." Akaishia hapo. Dada, ule uso. Sijawahi kuona uso wa mtu mzima ukitafuta mlango wa kutokea. Akanawa mikono, akatoka, akakaa uani mpaka chakula kikapoa. Nikaapa sitamfanyia hivyo tena.

Basi nikatumia akili nyingine. Nilimwambia mimba haitaki ile harufu, natapika hata maji. Ungemwona! Hakuuliza mara mbili. Siku ileile aliita vijana wa mashineni, magunia yakaanza kutoka. Amejenga ghala jipya kule, lenye nondo na mlinzi, anasema, "Kwa mwanangu nitajenga hata ikulu ya mahindi." Chumba cha ndani sasa ni kitupu, tumekipiga chokaa, tutakifanya cha mtoto. Kichwa kimepona. Dirisha li wazi. Mimi nimepona, dada, na yeye hajui, na hatajua kamwe. Si umeona? Kuna njia ya kumwokoa mtu bila kumchoma moyo.

Kimebaki kitu kimoja kidogo. Ghala jipya halikutosha, mavuno yamekuwa ya ajabu. Sehemu ya amana ameipeleka kwa wifi, kwa kuwa ana nafasi chumbani na mumewe hayupo, magunia yamepangwa pembeni mwa kitanda. Lakini ni mahindi matupu! Dawa hajaweka. Anasema atangoja mpaka aone dalili ya dumuzi, na mahindi bado mapya. Kwa hiyo siku ziko. Ninatafuta la kusema. Labda nitasema wifi naye hapendi harufu. Nitapata tu, mimi ni Kasuku, nimewahi kukosa neno?

Nakupenda. Usinune.

Mdogo wako

•

19 Agosti 1986

Siku haziko.

Sikusalimu, nitakusalimu siku nyingine. Barua hii nampa kondakta wa basi la asubuhi mkononi, posta ni polepole mno. Nimemwambia akufikishie wewe mwenyewe.

Mahindi mapya ndiyo yenye unyevu. Dumuzi hawangoji kalenda yako. Na mumeo ni mtu mwema, atampelekea dadake dawa bila kuambiwa, atamzibia madirisha kwa sababu ya mtoto. Wewe unamjua kuliko mimi. Je, si ndivyo atakavyofanya?

Kama huwezi kumwambia yeye, mwambie wifi. Ni mwanamke mwenzako, ana kichanga. Sema maneno matatu tu: hamisha kitanda nje. Ukimaliza hayo ndipo urudi nyumbani ulie.

Niliposema siliandiki lile jambo nilikosea, nilikuachia mzigo usio wa umri wako. Naliandika. Mumeo ndiye aliyewaua mkewe wa kwanza na mtoto, kwa mikono yake, bila kujua. Huwezi kumwokoa na hilo, limekwisha kutokea. Unaweza kumwokoa na la pili.

Nenda sasa. Acha barua mezani uende.

Dada yako

•

14 Septemba 1986

Dada,

Shikamoo. Mama asisomewe barua hii. Mwambie nimeandika kwamba mimba inaendelea vizuri. Ni kweli, inaendelea.

Basi liliharibika njiani. Kondakta alipofika huku aliuliza nyumba ya Baba Unga, wakamwonyesha mashine kwa kuwa ilikuwa karibu, akamkabidhi mume wangu. Hakuifungua. Aliniletea mchana, ile saa yake ya kuja kunisalimia, ameishika kwa ncha za vidole isichafuke na unga. "Ya dada yako, leo amekumbuka mapema." Nikaisoma palepale mlangoni, yeye anangoja habari.

Nikamuuliza, "Kwa wifi umeweka dawa?"

"Jana jioni. Kulikuwa na manyunyu, nikaona dumuzi wameanza. Usijali, nimemzibia vizuri na dirisha, mtoto asipate baridi."

Nikamwambia. Nilikuwa nimepanga maneno ya kila namna miezi yote hii, laini kama pamba. Yalitoka matano au sita, mabaya. Hakubisha. Hakuuliza nimejuaje. Alikimbia na viatu vikamvuka, mimi nyuma yake nimeshika tumbo, watu barabarani wanatuuliza kuna nini.

Wifi tulimkuta kizingitini. Alikuwa ametambaa mpaka pale, ametapika, mlango ameusukuma ukafunguka kidogo, kichwa chake kiko nje. Ndicho kilichomwokoa. Mume wangu aliingia, akatoka amembeba mtoto. Alimkalisha kwenye mkono kama alivyozoea kumkalisha, akampuliza usoni, akampuliza tena. Zile nywele zilikuwa zinapepea. Hakuwa na alama yoyote, dada. Alikuwa kama amelala.

Nilimwona mume wangu akitambua. Sikuhitaji kumwambia tena lolote. Alikuwa amekwisha kuona kitu kama kile, mahali pengine, na sasa alikuwa anakiona kwa mara ya pili.

Wifi alipelekwa zahanati, akarudi baada ya siku chache, anatembea akishika kuta. Mtoto tulimzika mama yake akiwa bado hawezi kusimama. Baba wa mtoto alipata habari njiani, alifika na lori lake likiwa bado na shehena ya wateja.

Tukirudi kutoka makaburini mume wangu alitembea nami nyuma ya wengine. Akauliza, taratibu, kama anauliza bei:

"Dada yako aliandika lini mara ya kwanza?"

Ningeweza kusema uongo. Nimegundua mimi ni hodari wa hilo.

"Kabla ya mavuno," nikasema.

Akatikisa kichwa. Tukaenda hatua kadhaa. "Kwa hiyo kile kichefuchefu chako."

"Nilitaka usiumie."

Alisimama, akaangalia upande wa makaburi, akasema, lakini si kwangu, "Miaka yote hii nimemsingizia Mungu."

Hakunifokea. Ningefurahi angenifokea. Nyumbani alimkanda mama yake goti, akanitengea chakula, akaniambia nile kwa ajili ya mtoto. Makopo yote aliyachukua akampelekea ofisa wa kilimo, akapita nyumba kwa nyumba kwa kila mtu ambaye yeye alimgawia vidonge. Wengine walimshukuru, wengine walimfungia mlango.

Siku ya ibada alisimama mbele. Mzee wa ibada alitaka akae apumzike, akakataa. Alieleza kila kitu kwa sauti ileile anayowaombea watu mashineni. Alieleza vidonge ni nini, vinafanya nini, na akasema mkewe wa kwanza na mwanawe hawakuchukuliwa na Mungu, aliwaua yeye. Akamgeukia yule jirani aliyesingiziwa uchawi akamwomba radhi hadharani. Mama mkwe alijifunika uso. Halafu akasema habari za mpwa wake.

"Hakuna aliyeniambia," akasema. "Nilifanya peke yangu, kwa ujinga wangu. Mtu asimlaumu yeyote wa nyumba yangu."

Dada, mume wangu hasemi uongo. Mteja akisahau debe la unga mashineni anamfuata nalo kwa baiskeli. Na alisema uongo mahali pale, mbele ya watu wote, akiniangalia, na macho yake yaliniambia nikae.

Nikakaa.

Wifi alikuwa ameketi kando yangu. Bado maziwa yanamtoka, alikuwa amefunga kitambaa kifuani. Watu walipoanza kunong'ona, akaninyooshea mkono, akashika wangu, mkono wake wa baridi, akaniinamia sikioni.

"Pole, wifi yangu," akasema. "Masikini, hukujua umeolewa na mtu wa namna gani."

Ananishika hivyo kila siku tangu hapo. Kila siku nasema, nikiamka nitamwambia.

Mdogo wako